Mgeni Aliyepewa Jembe: Wataalamu wa Kihindi na Foleni ya Ukaazi Marekani

Mhadhara kwa viongozi wa halmashauri za walei na wajumbe wa kamati za Haki na Amani



Mada ya leo ilipotangazwa, baadhi yenu mlituuliza humu ukumbini kama hatukukosea mlango. Wahamiaji tunaowafahamu sisi ni wale wa Kakuma na Nyarugusu, waliokimbia risasi na njaa. Iweje basi tutumie asubuhi nzima kuwazungumzia wahandisi wa kompyuta wa Kihindi walioko Marekani, watu wenye mishahara mikubwa, nyumba na magari? Swali hilo ni la haki, wala hatutalikimbia. Tunaomba tu mtuvumilie kwanza, maana hata sisi tulikuwa nalo siku tulipofika, mwaka 2020, katika parokia moja ya vitongoji vya Dallas, jimbo la Texas, tulikotumwa kutoa huduma kwa miaka minne.

Waamini wa parokia ile walikuwa mchanganyiko: Wameksiko, Wavietnamu, Wakenya na Wakongo wachache, na Wahindi wengi wa Kerala. Kerala iko kusini-magharibi mwa India, na Ukristo huko ni wa kale sana. Waamini wa Kanisa la Siro-Malabar waishio Marekani wana jimbo lao la kikanisa lenye makao Chicago tangu mwaka 2001. Wengi wa hao tuliowahudumia walikuwa wauguzi na wataalamu wa kompyuta.

Katika benchi moja walizoea kuketi wanaume wawili. Wote walikuwa wahandisi wa programu za kompyuta, waajiriwa wa kampuni moja, wenye shahada za kulingana. Mmoja alizaliwa Kottayam, katika Kerala. Wa pili alikuwa Mgoa, lakini Mgoa wa kwetu: alizaliwa Mombasa, baba yake akiwa karani wa reli, na baada ya Misa alikuwa akituamkia kwa Kiswahili cha Kisauni. Kampuni yao iliwafungulia wote wawili jalada la ukaazi wa kudumu mwezi mmoja, Mei 2014, katika daraja moja. Mgoa wa Mombasa alipata kadi yake kabla miaka miwili haijatimia. Mwenzake wa Kottayam hajaipata hadi leo. Mwezi Oktoba 2025, katika daraja lake, Wahindi waliokuwa wakiitwa ni wale walioingia foleni kabla ya tarehe 1 Aprili 2013. Watu wa nchi nyingi nyingine waliitwa hadi tarehe 1 Desemba 2023.

Kadi ya kijani, kwa wale wasioifahamu, ni jina la mitaani la hati ya ukaazi wa kudumu wa Marekani. Mwenye nayo huishi na kufanya kazi nchini humo bila kumtegemea mwajiri wala kuhesabu miezi, na baada ya miaka 5 aweza kuomba uraia. Wengi wenu mmelijua neno hilo kwa sababu ya bahati nasibu ya viza iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1990, ambayo vijana wetu wamejaza fomu zake kwa wingi. Wahindi hawakuruhusiwa kuicheza, kwa kuwa nchi yao ilihesabiwa kuwa imekwisha kutoa wahamiaji wengi. Kwa mtaalamu wa Kihindi mlango mkubwa umekuwa ni kazi.

Mlango wenyewe

Safari huanza kwa kibali cha muda kiitwacho H-1B. Mwajiri ndiye anayekiomba, si mfanyakazi. Sheria imeweka vibali vipya 65,000 kwa mwaka, na vingine 20,000 kwa waliopata shahada ya uzamili au zaidi katika vyuo vya Marekani. Maombi yakizidi, hupigwa kura. Kibali ni cha miaka 3, nacho huongezwa hadi 6. Mwajiri akiridhika na mtu wake humfungulia jalada la ukaazi. Kwanza Wizara ya Kazi ithibitishe kwamba hakupatikana Mmarekani mwenye sifa aliye tayari kuifanya kazi ile. Kisha kampuni ipeleke fomu iitwayo I-140. Na mwisho mfanyakazi mwenyewe aombe kadi. Siku jalada lilipopokelewa Wizara ya Kazi ndiyo tarehe yake ya kipaumbele, yaani nafasi yake katika foleni. Tulikutana na akina baba waliosahau tarehe ya ndoa yao, lakini hiyo hawakuisahau.

Kila mwezi Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani hutoa taarifa yenye tarehe. Ambaye tarehe yake imetangulia ile iliyochapishwa huitwa. Aliye nyuma husubiri mwezi mwingine. Tarehe hizo pengine husogea wiki chache, pengine hazisogei kabisa, na pengine hurudi nyuma, hata mtu aliyebakiza hatua mbili afike mlangoni akajikuta tena nje ya uzio.

Kwa nini foleni ya Wahindi ni ndefu namna hii? Hapa hatuna budi kurudi nyuma kidogo, maana sheria hii haikutungwa na watu wabaya. Mwaka 1924 Marekani ilijiwekea mafungu ya wahamiaji kwa asili ya taifa, yaliyowapendelea watu wa Ulaya ya Kaskazini na Magharibi na kuwafungia karibu kabisa watu wa Asia. Tarehe 3 Oktoba 1965, Rais Lyndon Johnson, akiwa chini ya Sanamu ya Uhuru mjini New York, alitia sahihi sheria iliyoyafuta mafungu hayo. Mahali pake likawekwa wazo la usawa: nchi zote ziwe na ukomo mmoja. Sheria ya mwaka 1990 ikaendeleza wazo hilo. Iliweka nafasi 140,000 kwa mwaka kwa wote wanaoingia kwa njia ya kazi, na hakuna nchi ipewayo zaidi ya asilimia 7, isipokuwa pale nafasi za wengine zinapobaki. Tena ndani ya hizo 140,000 huhesabiwa na wake na watoto. Mtu mwenye mke na watoto wawili waliozaliwa nje ya Marekani hutumia nafasi nne.

Sasa tazameni. India ina watu zaidi ya bilioni 1.4. Visiwa vya Komoro havifikishi milioni moja. Ukomo wao ni uleule. Usawa wa mataifa umezaa ukosefu wa usawa wa watu. Wala sheria haiangalii pasipoti, wala kabila, wala lugha ya mama. Huangalia mahali mtu alipozaliwa. Ndiyo maana Mgoa wetu alihesabiwa Mkenya. Kilichowatenganisha wale wawili wa benchi moja ni wodi ya wazazi tu, na hakuna binadamu aliyewahi kuichagua.

Mwaka 2023 Taasisi ya Cato ya mjini Washington ilikadiria kwamba waliokuwa wakisubiri kwa njia ya kazi walifikia milioni 1.8, na kati yao Wahindi walikuwa milioni 1.1. Kwa mwendo uliokuwepo, Mhindi aliyeingia foleni mwaka ule angesubiri miaka 134. Tulipomsomea mzee mmoja wa parokia takwimu hiyo alicheka, akasema kwamba basi hiyo si foleni, ni ahera.

Amepewa jembe

Wahenga wetu walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hawa wamepewa jembe siku ya kwanza, nao wamelima miaka 10, miaka 15. Wamelipa kodi, wamelipia hifadhi ya uzeeni, wamejenga. Kiwanja hawajaonyeshwa.

Msidhani tunazungumzia usumbufu wa makaratasi. Ukaazi wa mtu huyu unaning'inia kwenye kazi yake. Kanuni iliyoanza Januari 2017 inampa, akiachishwa kazi, muda usiozidi siku 60 apate mwajiri mwingine wa kumwombea kibali, au abadili hadhi, au aondoke. Kabla ya hapo hata hizo 60 hazikuwepo. Mwishoni mwa mwaka 2022 na mwanzoni mwa 2023, makampuni makubwa ya kompyuta yalipopunguza wafanyakazi kwa maelfu, tuliona nyumbani kwa waamini wetu kalenda zilizopigwa mistari ya kalamu nyekundu. Mtu aliyelipia nyumba kwa miaka 8, watoto wako darasani, anahesabu siku kama mfungwa, tofauti yake ni kwamba mfungwa hufurahi zinapopungua.

Na mwenye hofu ya namna hiyo hadai haki yake kazini. Haombi nyongeza, hakatai saa za ziada, hamshitaki msimamizi anayemtukana. Yatupasa kusema pia, ingawa inauma, kwamba mnyonyaji wa kwanza mara nyingi ni mtu wa nyumbani. Wapo mawakala, wenyewe Wahindi, wanaowaleta vijana kwa H-1B na kuwakodisha kwa makampuni mengine, wakiwakata fedha zisizo halali na kuwatishia kufuta kibali. Sisi watu wa Afrika Mashariki ambao binti zetu wamepelekwa Uarabuni na mawakala wa kwetu tusijifanye kushangaa.

Usiku wa tarehe 22 Februari 2017, huko Olathe, jimbo la Kansas, mhandisi mmoja wa Kihindi aliuawa kwa risasi na mtu aliyemfokea atoke katika nchi yake. Ukaazi wa mkewe ulitegemea kibali cha mumewe. Hivyo mwanamke yule alipoteza mume na haki ya kukaa nchini kwa pigo moja. Alipokwenda India kumzika mumewe hakuwa na hakika ya kurudi katika nyumba yao, hata ikabidi mbunge wa eneo lile aingilie kati.

Katika parokia yetu hatukuona damu, lakini tuliona misiba ya simu. Mnamo Mei 2021, ugonjwa wa Korona ulipokuwa ukiwaua watu India bila hesabu, Marekani ilizuia kuingia kwa wasafiri wengi watokao huko, na zuio likadumu hadi Novemba. Raia wa Marekani na wenye kadi ya kijani hawakuzuiwa. Mwenye H-1B aliyekwenda kumzika mama yake angeweza kufungiwa nje, kazi ikapotea, na familia ikabaki ng'ambo ya pili. Yule bwana wa Kottayam alimzika baba yake kwa kioo cha simu, saa nane usiku, sisi tukiwa tumeketi naye jikoni. Mgoa wa Mombasa alikuja na chakula. Hakusema neno, na tunadhani alijua ni kwa nini hasemi.

Watoto ndio waliotuumiza zaidi. Bwana huyo ana watoto wawili. Binti alizaliwa Kottayam mwaka 2003, akaletwa Marekani akiwa na miaka 3. Kaka mdogo alizaliwa Dallas, naye ni raia. Mtoto aliyekuja kwa kibali cha mzazi hukipoteza akitimiza miaka 21, naye hutoka pia katika foleni ya baba yake. Ipo sheria ya mwaka 2002 ya kuwakinga watoto, inayoruhusu kupunguza katika umri wa mtoto zile siku fomu ya mwajiri ilipokuwa ikishughulikiwa. Lakini siku hizo ni miezi tu, na foleni ni miongo. Mwaka 2024 binti akatimiza miaka 21. Ili abaki katika mji pekee anaoukumbuka, alilazimika kuomba hadhi ya mwanafunzi wa kigeni, na mwanafunzi wa namna hiyo sheria humtaka awe na makao katika nchi nyingine asiyokusudia kuyaacha. Alituuliza aandike makao gani.

Mtauliza: je, ule mpango wa mwaka 2012 wa kuwakinga vijana walioletwa Marekani wakiwa wadogo? Huo ulikuwa kwa wale tu ambao tarehe 15 Juni 2012 hawakuwa na kibali halali. Binti huyu alikuwa nacho. Baba yake alitii kila sheria, na utii huo ndio uliomweka mwanawe nje ya mpango. Vijana kama yeye wamejiunga katika chama kiitwacho Improve the Dream, nacho kimehesabu kwamba wako zaidi ya 200,000. Muswada wa kuwasaidia umewasilishwa bungeni Washington zaidi ya mara moja tangu mwaka 2021, bila kupita.

Namna wanavyotembea gizani

Haitoshi kulalamika. Tuliona familia zenye busara zikifanya mambo kadhaa, nasi tunayasimulia kwa sababu wapo humu wazazi ambao watoto wao wako katika foleni hiyohiyo, ingawa katika mstari mfupi zaidi.

La kwanza, na ndilo kubwa, ni kujua kwamba fomu I-140 ikikwisha kukubaliwa, tarehe ya kipaumbele ni mali ya mfanyakazi. Aweza kuhamia kwa mwajiri mwingine. Ni kweli mwajiri mpya atafungua jalada upya, lakini nafasi ya foleni haipotei. Na zikipita siku 180 tangu kukubaliwa, mwajiri wa zamani hawezi kuibatilisha fomu yenyewe kwa kuiondoa. Wengi hawakulijua jambo hili, wakakaa miaka 10 chini ya bwana mbaya wakidhani amewashikia foleni mkononi. Kwa hiyo tuliwahimiza kudai nakala ya barua ya kukubaliwa. Mwajiri akikataa, ipo sheria ya Marekani inayomruhusu mtu kuiomba serikali kumbukumbu zinazomhusu yeye mwenyewe. Na wakumbuke kwamba wakili wa kampuni hulipwa na kampuni. Kumlipa wakili wako mwenyewe kwa saa moja ya ushauri ni fedha iliyotumika vema. Gharama za ile hati ya Wizara ya Kazi, tangu Julai 2007, ni za mwajiri; anayemtoza mfanyakazi anavunja sheria.

Tangu sheria ya mwaka 2000, ambaye I-140 yake imekubaliwa naye anasubiri kwa sababu ya ukomo wa nchi yake aweza kuongezewa H-1B kwa miaka 3 mingine, hata baada ya ile 6 kwisha, na tena na tena. Mwenzi wa mtu wa namna hiyo aweza kuomba kibali cha kazi tangu tarehe 26 Mei 2015. Kabla ya hapo tuliambiwa habari za madaktari na wahasibu wa kike waliokaa nyumbani miaka mingi wakipika tu, wasiweze hata kufungua akaunti ya mshahara, na ndoa nyingine hazikuuhimili ukimya ule.

Jambo jingine ni cheti cha kuzaliwa cha mwenzi. Sheria inawaruhusu mume na mke kuhesabiwa katika nchi ya yeyote kati yao, ili wasitenganishwe. Watu wa Kerala wameishi Ghuba kwa vizazi, na watoto wengi wamezaliwa Kuwait, Omani na Dubai. Kijana mmoja aliyekuwa amesubiri miaka 8 alimwoa binti wa Kikerala aliyezaliwa Kuwait, na foleni yake ikaisha kama umande. Tangu hapo akina mama wa parokia walikuwa wakitania kwamba washenga sasa huuliza wodi ya kuzaliwa kabla ya kuuliza mahari. Tulicheka pamoja nao, kisha tukawaonya wachumba wawili ambao tuliona wazi kwamba walikuwa wakioana na cheti.

Kuhusu watoto, familia makini zilianza kuhesabu umri tangu mtoto akiwa na miaka 12, si 20. Mwezi Februari 2023 idara ya uhamiaji ililegeza namna ya kuhesabu, ikitumia ile orodha ya tarehe inayosogea mbele zaidi, na watoto kadhaa wakaokoka. Tarehe 15 Agosti 2025 ikarudi kwenye hesabu kali. Twasema hivi ili mjue kwamba ushauri wa mwaka jana haufai kumpa mtu mwaka huu. Hali kadhalika safari: tangazo la Rais la Septemba 2025 liliweka malipo ya dola 100,000 juu ya maombi mapya ya H-1B kwa walio nje ya nchi. Wenye vibali vya zamani hawakuguswa, lakini habari hiyo ilipotoka watu walishuka katika ndege, wakaacha harusi za ndugu zao.

Na wapo waliochoka wakaondoka. Julai 2023 Kanada ilifungua nafasi 10,000 za vibali vya kazi kwa wenye H-1B wa Marekani, zikajaa kabla ya siku mbili kwisha. Kutoka parokiani kwetu familia mbili zilihamia Toronto. Hatukuwahesabu kuwa wameshindwa.

Maua, kura na swali lenu

Msifikiri wamekaa kimya. Juni 2007 serikali ilitangaza kwamba mwezi Julai karibu madaraja yote yangekuwa wazi. Watu walikimbilia madaktari kwa vipimo, wakarudi upesi kutoka safarini, wakalipa mawakili. Tarehe 2 Julai tangazo likafutwa. Badala ya mawe, Wahindi walituma maua. Kwa kufuata njia ya Gandhi, mamia ya watu walimpelekea mkurugenzi wa idara ya uhamiaji mashada ya maua ofisini kwake Washington. Naye akaagiza yapelekwe kwa askari majeruhi katika hospitali ya Walter Reed. Tarehe 17 Julai serikali iligeuza uamuzi wake, ikapokea maombi kwa mwezi mzima. Kuna waliopata kadi leo kwa sababu ya maua yale.

Bungeni mambo yamekuwa magumu zaidi. Tarehe 10 Julai 2019 Baraza la Wawakilishi lilipitisha kwa kura 365 dhidi ya 65 muswada wa kuondoa ukomo wa nchi. Desemba 2020 Baraza la Seneti likapitisha muswada wake, lakini miswada hiyo miwili haikuoanishwa na muda wa bunge lile ukaisha. Desemba 2022 muswada mwingine uliondolewa kabla ya kupigiwa kura.

Nasi tuwe wakweli: waliopinga hawakuwa wote wabaguzi. Ukiondoa ukomo wa nchi na kuziacha nafasi zikiwa 140,000 zilezile, kwa miaka kadhaa karibu zote zingekwenda kwa Wahindi waliotangulia, na muuguzi wa Kisii au wa Manila angesubiri kwa muda ambao leo hasubiri. Mkate ni mdogo. Kubadili anayekata kwanza hakuuongezi. Hata hivyo, sisi tunaona kwamba foleni inayopangwa kwa mahali pa kuzaliwa haiwezi kutetewa mbele ya dhamiri, na kwamba hatua ya kwanza isiyomdhuru mtu ni kuacha kuwahesabu wake na watoto ndani ya zile nafasi, na kutozipoteza zilizopo. Mwaka wa fedha 2021, kwa sababu ya nafasi za kifamilia zilizobaki wakati wa Korona, nafasi za kazi zilifikia kama 262,000. Zipatazo 66,000 kati yake zilipotea usiku wa tarehe 30 Septemba, kwa kuwa maofisa hawakuwahi kuzishughulikia. Hapo hakukuwa na adui wala muswada. Makaratasi yalilala tu.

Sasa lile swali lenu. Ni kweli, mtu wa Dallas mwenye magari mawili si mkimbizi wa Kakuma, na yeye mwenyewe hasemi hivyo. Lakini Papa Yohane Paulo II, katika waraka wake Laborem Exercens wa mwaka 1981, alifundisha kwamba mfanyakazi aliye nje ya nchi yake asiwekwe nyuma ya wengine katika haki za kazi. Hakuweka kiwango cha mshahara ambacho juu yake haki hiyo hukoma. Mtu aweza kula vizuri na bado asiwe huru kumwambia mwajiri hapana. Tukikubali jambo hilo kwa mhandisi, tutalikana kwa nguvu gani kwa mtumishi wa ndani wa Muscat ambaye pasipoti yake imefungiwa kabatini? Kamba ni ileile, ubora wa nyuzi tu ndio tofauti.

Tena foleni hii imetufikia hata sisi. Watumishi wa dini wana daraja lao, nalo mwaka 2023 lilibadilishiwa mahesabu, kusubiri kukawa kwa miaka mingi, ilhali kibali chao cha muda ni cha miaka 5. Mwaka 2024 jimbo la Paterson, katika New Jersey, pamoja na mapadre wake watano wa kutoka nje, liliishitaki serikali kwa ajili hiyo. Mapadre na watawa wa kutoka kwetu wanahudumu Marekani chini ya vibali vya namna hiyo. Sisi tulirudi kwa hiari kabla ya miaka mitano kutimia, na kwa hiyo hatukuonja.

Binti wa Kottayam anasomea uuguzi. Wiki iliyopita alituandikia kwamba katika ile fomu aliandika anwani ya nyanya yake, nyumba aliyoiona mara mbili. Mwezi Oktoba 2025 baba yake alikuwa bado anasubiri Aprili 2013 ifike Mei 2014. Wale kati yenu mliokuja na barua za watoto wenu walioko huko, tafadhali msizikabidhi kwa katibu. Tuoneni wenyewe katika chumba cha nyuma baada ya chakula cha mchana, na mje na cheti cha kuzaliwa cha mkwe, kama yupo.